Kutoka Kibakwe hadi Temeke kutafuta sahihi ya msomaji

Jumamosi moja ya mwezi wa Ramadhani, baada ya sala ya Alfajiri, tuliondoka Kibakwe watu wawili katika pikapu ya rafiki yangu. Yeye ni mfanyabiashara wa alizeti. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa miaka sita sasa ni mweka hazina wa madrasa yetu. Tulikuwa tunakwenda Dar es Salaam, katika mashindano ya kimataifa ya kuhifadhi Qur'ani ambayo taasisi ya Al-Hikma imeyazoesha kufanyika katika mwezi huu mtukufu. Wengine huenda kusikiliza, wengine huenda kumsindikiza mtoto wao anayeshindana. Rafiki yangu alikuwa na haja yake nyingine: alitaka sahihi.

Binti yake ana miaka kumi na miwili. Alianza madrasa akiwa mdogo, akipenda kusoma kiasi cha kukumbushwa chakula. Lakini tangu mwaka jana moyo wake ulikuwa umepoa. Alichelewa kwenda, aliwahi kurudi, na usiku mmoja alimwambia mama yake kwamba amechoka kuhifadhi kitu ambacho hakuna anayemsikiliza. Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamvuta: sauti ya msomaji mmoja wa nchi za Kiarabu, ambaye kisomo chake alikisikiliza katika simu ya mama yake. Baba aliposikia kwamba msomaji huyo atakuwa miongoni mwa wageni wa mashindano, alinijia dukani akiwa ameshaamua. "Mwalimu," aliniambia, "nikimletea mwanangu sahihi ya mtu yule, ataamka."

Siku ya kuondoka, binti alimkabidhi baba yake daftari lake la madrasa, akamwomba msomaji atie sahihi humo. Baba alilifunga katika mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, akaliweka kwenye dashibodi. Kando yake akaweka msahafu mpya wenye jalada la kijani alioununua Mpwapwa, kwa kuwa aliona daftari lile lililokunjika pembe halina hadhi ya kupelekwa mbele ya mgeni mkubwa.

Kwa msomaji asiyepajua, Kibakwe ni mji mdogo, na ni tarafa, katika Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Upande wa mashariki husimama safu za milima ya Rubeho, na huko ndiko liliko bonde la Lumuma linalosifika kwa vitunguu. Watu wengi wakisikia Dodoma hufikiria vumbi, mibuyu na ng'ombe waliokonda. Waje mwezi wa Machi. Tulipotoka, mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, nyasi zilikuwa zimefika magotini, na makorongo ambayo kiangazi watoto huchezea mpira yalikuwa yanapitisha maji mekundu. Mara mbili ilitubidi tusimame, tuvue viatu na kupima kina kwa fimbo kabla ya kupitisha gari.

Tulifika Gulwe jua likiwa limepanda. Hapo barabara hukutana na reli, na reli hukutana na mto Kinyasungwe, ambao tangu zama za Wajerumani haujaacha kuisumbua njia ya treni kila mvua zinapozidi. Reli ile ya zamani ilifika Dodoma mwaka 1910. Leo pembeni yake imelala reli mpya, ambayo tangu mwaka 2024 inapitisha treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Nilimuuliza mwenzangu kwa nini hatukupanda treni tukapumzika. Akajibu kwamba ana vipuri vya mashine ya kukamua mafuta vya kununua Kariakoo. Kisha akacheka, akaongeza kwamba sahihi kubwa hairudi nyumbani kwa kubebwa mapajani.

Mpwapwa tulipita bila kukaa, ingawa kila nipitapo hapo moyo wangu husimama kidogo. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo kabla ya kuingia Ugogo na kuendelea Tabora hadi Ujiji. Ndipo mwaka 1889 Bushiri bin Salim alipokishambulia kituo cha Wajerumani, na kabla ya mwaka ule kwisha alikuwa amenyongwa Pangani. Jina la Bushiri tumelisoma katika vitabu vya historia. Lakini pamoja na misafara ile walipanda pia watu ambao hakuna kitabu kilichowaandika: mpagazi aliyejua sura tano fupi, mfanyabiashara wa nguo aliyefundisha watoto jioni chini ya mti, mke aliyefuatana na mumewe kutoka pwani akawafundisha wanawake wenzake udhu. Bara hili lilijifunza Alfatiha kwa watu kama hao. Majina yao yamepotea. Kisomo chao hakikupotea.

Kutoka Kongwa tuliishika barabara kuu pale Mbande, tukapita Kibaigwa penye soko kubwa la mahindi, tukaanza kuupanda upepo wa Gairo. Hapo nilimwona mwenzangu anapepesa macho. Alikuwa amefunga, na alikuwa ameendesha tangu alfajiri, nusu ya njia ikiwa ya matope. Nilimkumbusha kwamba Mwenyezi Mungu amempa msafiri ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na kwamba roho zetu mbili zilikuwa katika usukani wake. Alikataa. Alisema atamwambiaje binti yake kwamba alikwenda kwenye mashindano ya Qur'ani akiwa anakula mchana? Nilimjibu kwamba ruhusa ya Mola haiombewi kibali kwa watu. Alinyamaza hadi Dumila, akasimamisha gari penye wauza nyanya, akanywa maji chupa nzima akiwa amegeukia dirisha ili asionekane. Mbele ya safari tuliswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, kwa kupunguza, katika msikiti wa Morogoro, tukiitazama milima ya Uluguru ikiwa imevaa mawingu. Magharibi ilitukuta Tandika, kwa mpwa wake, mbele ya uji wa pilipili manga, tende na mihogo ya nazi.

Jumapili asubuhi tulikwenda uwanjani. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, na huchukua watazamaji 60,000. Sisi wa bara tunaujua kwa redio, kwa makelele ya Simba na Yanga. Siku ile niliona jambo ambalo sikulitarajia maishani: umati wa kanzu na mabuibui katika viti vile vile, na ukimya. Jaji husoma mwanzo wa aya, kisha hunyamaza. Mshindani huipokea na kuiendeleza hadi aambiwe inatosha. Hajui ataulizwa wapi katika juzuu thelathini. Kosa la herufi lina hesabu yake, kusimama pasipostahili kuna hesabu yake, na kukumbushwa neno kuna hesabu kubwa zaidi. Kijana mmoja alikwama. Aliirudia aya mara mbili, akakwama pale pale. Uwanja mzima ulishusha pumzi. Mama mmoja karibu nasi alifunika uso. Jaji akampa neno moja tu, na kijana akaendelea kana kwamba mlango umefunguliwa. Rafiki yangu alikuwa anatokwa na machozi, na sikumuuliza sababu.

Baada ya shughuli, vijana walijazana penye mlango wanaotokea wageni. Simu zilikuwa juu kama msitu. Kila msomaji aliyetokea alivutwa huku na huku apigwe picha, na wengine walinyoosha kofia, vitabu, hata viganja vya mikono viandikwe. Sitalitaja jina la yule tuliyemfuata, kwani hakuwa anajua kwamba ataandikwa gazetini. Alitoka mwishoni, mwembamba kuliko nilivyomdhania, amechoka, na midomo imekauka kwa funga. Mwanafunzi mmoja wa Dar es Salaam aliyejua Kiarabu alituonea huruma kwa sababu ya mvi zetu, akatusogeza mbele na kukubali kuwa mkalimani.

Rafiki yangu alitoa msahafu wa jalada la kijani na kalamu. Msomaji aliupokea kwa mikono miwili, akaubusu, akaurudisha ukiwa umefungwa. Alieleza kwa upole kwamba wanazuoni hawakupenda msahafu uandikwe kitu kisichokuwa maneno ya Mwenyezi Mungu, seuze jina la mtu kama yeye. Mwenzangu alifadhaika, ndipo akalikumbuka daftari. Alilifungua ule mfuko wa nailoni kwa meno.

Msomaji hakuandika mara moja. Alilifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaendelea kufunua polepole huku watu wanamsukuma mgongoni. Kisha akauliza, "Ni nani huyu aliyetia sahihi hizi zote?"

Tukainama kutazama. Katika kila ukurasa, chini ya somo la siku, palikuwa na jina la sura, namba za aya, tarehe, na sahihi ndogo ya wino wa buluu. Ilikuwa sahihi ya ustadhi wetu wa Kibakwe. Nilimjibu kwamba ni mwalimu wa mtoto. Akamgeukia baba. "Mtoto amefika juzuu ya ngapi?"

Ndugu msomaji, nimemfahamu mtu huyu zaidi ya miaka ishirini. Anajua bei ya gunia la alizeti katika masoko matatu kwa wakati mmoja. Anajua gari lake linakunywa lita ngapi kutoka Mpwapwa hadi Kibakwe. Swali lile lilimkuta hana jibu. Alinitazama mimi, na mimi niliyatazama matofali ya ukuta. Jibu lilikuwa limeandikwa katika daftari alilolibeba zaidi ya kilomita 400 bila kulifungua.

Msomaji hakumwaibisha. Alilitafuta mwenyewe, akaonyesha kwa kidole: juzuu ya saba. Akaandika sahihi yake chini kabisa ya ukurasa wa mwisho uliotumika, chini ya ile ya ustadhi, na ndogo kuliko ile. Akamwombea mtoto, akamwombea mwalimu wake, akavutwa na umati.

Njiani kurudi niliwaza sana juu ya neno hili, sahihi. Katika elimu ya Qur'ani, sahihi ni jambo zito na la zamani. Mwanafunzi huketi mbele ya mwalimu akamsomea Qur'ani yote, tangu mwanzo hadi mwisho, mwalimu akimsahihisha herufi kwa herufi. Akiridhika, humwandikia ijaza: hushuhudia kwamba fulani amemsomea yeye, naye alimsomea fulani, na fulani alimsomea fulani, mpaka mnyororo ufike kwa Mtume (S.A.W.). Sisi wa Afrika Mashariki wengi wetu husoma kwa riwaya ya Hafsi aliyoipokea kwa Asim wa Kufa, naye Asim alifariki mwaka 127 Hijria. Mnyororo ule haukukatika hata siku moja. Umeshikiliwa na watu wachache waliosifika, na na watu wengi sana wasiojulikana ambao kazi yao ilikuwa kuketi na kusikiliza. Sahihi ya ijaza inatiwa na mtu aliyekusikiliza. Ile tuliyoisafiria inatiwa na mtu ambaye sisi ndio tuliomsikiliza. Zote mbili ni wino, lakini hazifanani.

Nilimsimulia mwenzangu habari ya Ubayy bin Kaab (R.A.), iliyopokelewa katika hadithi sahihi. Mtume (S.A.W.) alimwambia kwamba Mwenyezi Mungu amemwamrisha amsomee yeye Ubayy sura. Ubayy akauliza kama Mola amemtaja kwa jina lake. Alipojibiwa ndiyo, alilia. Bwana yule alikuwa miongoni mwa wasomaji wakubwa wa Madina, watu wakimtegemea kwa kisomo. Lakini kilichomliza ni kutajwa mahali ambapo hakuna umati.

Mwenzangu hakujibu. Tulipofika Chalinze alinikabidhi daftari, akaniomba nimsomee tarehe. Nikawa namsomea kwa sauti, yeye akiendesha: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, aya tano, aya tatu, marudio. Sahihi, sahihi, sahihi. Nikafika mwezi wa Januari, nikanyamaza.

"Soma," aliniambia.

Hapakuwa na cha kusoma. Wiki tatu nzima hazikuwa na kitu. Yeye hakujua sababu; mimi niliijua. Mwezi ule ustadhi alikwenda kulima kibarua katika mashamba ya watu ili apate chakula cha watoto wake, kwa sababu michango ya wazazi ilikuwa haijaingia kwa miezi kadhaa. Alikuja kwangu kwanza. Nilimwambia sanduku halina kitu, na kwa hakika halikuwa na kitu, lakini sikwenda nyumba hata moja kugonga mlango. Niliona haya kuwadai jirani zangu. Aliporudi hakulalamika, aliendelea na wino wake wa buluu kana kwamba wiki zile hazikuwapo. Ni katika wiki zile, nilitambua sasa kwa kuzisoma tarehe, ndipo mtoto alipoanza kusema kwamba hakuna anayemsikiliza. Alikuwa anasema kweli.

Nililikiri jambo hili kwa rafiki yangu kati ya Chalinze na Morogoro, na lilikuwa zito kulitamka. Naye akakiri lake: katika orodha yangu ya wadaiwa, yeye alikuwa wa pili kutoka juu. Tukapiga hesabu ya safari. Mafuta peke yake, kwenda na kurudi, yalikuwa yamezidi mchango wake wa madrasa wa mwaka mzima. Hatukusema kwamba safari ilikuwa kosa. Kumpenda msomaji wa Qur'ani ni kheri, na machozi ya uwanjani yalikuwa machozi ya kweli. Lakini mtu hana haki ya kumheshimu msomaji wa mbali kwa fedha aliyomnyima mwalimu wa jirani.

Tulilala Mpwapwa, tukafika Kibakwe Jumatatu kabla ya Adhuhuri. Binti alikuwa mlangoni. Alilipokea daftari, akalifungua penye ukurasa wa mwisho, akaitazama ile sahihi kwa muda mrefu, akatabasamu. Kisha akauliza, "Na Ustadhi mmemletea nini?"

Baba yake alikuwa na sanduku la tende kwa ajili ya nyumba. Alilichukua vile vile lilivyo, akatembea nalo hadi madrasa, nami nikamfuata nikiwa na daftari la hesabu kwapani. Ustadhi alikuwa anawasikiliza wadogo. Alitukaribisha, akalitazama daftari la mwanafunzi wake, akaona jina la mgeni chini ya jina lake. Aliona haya kama kijana. Alisema tu kwamba ukurasa umejaa, akafunua mwingine, akaandika tarehe ya siku ile, akamwita binti aje asome somo lake.

Rafiki yangu hakuondoka. Aliketi kwenye mkeka, nyuma, akamsikiliza binti yake kwa mara ya kwanza tangu alipotoka katika herufi. Binti alikwama mahali pamoja. Ustadhi alingoja, akampa neno moja, naye akaendelea.

Baada ya Idi tuliitisha kikao cha wazazi. Nilisoma hesabu zote mbele yao, pamoja na zile wiki tatu, na pamoja na kosa langu la kutokwenda kugonga milango. Palikuwa na kelele kidogo, kisha palikuwa na ukimya, kisha watu wakaanza kuingiza mikono mifukoni. Tumekubaliana mchango ukusanywe kila mwisho wa mavuno na kila mwezi, kwa uwezo wa kila mtu, na posho ya ustadhi itoke kwanza kabla ya saruji na rangi. Si fedha nyingi, na siwezi kusema matatizo yamekwisha. Lakini tangu siku ile hajashika jembe la mtu mwingine katika saa za madrasa, na binti yule yuko juzuu ya nane.

Ndugu msomaji, nina ombi moja tu kwako na kwa mzazi mwenzako. Usiku wa leo, kabla ya kulala, liombe daftari la madrasa la mwanao. Tafuta amefika wapi. Tazama ni nani aliyetia sahihi, na tazama kama kuna wiki zisizo na kitu. Ukizikuta, usimuulize mtoto.

Wabillahi tawfiq.